Uzi: Nimezunguka Centralia, mji wa makaa ya mawe uliohamwa huku moto ukiwaka chini yake

MlaLami:
Wakuu, salaam. Huu uzi niliuahidi zamani, leo nipo mapumziko, ngoja niushushe.

Kwa wasionijua, naendesha lori hapa Marekani na barabara ya I-81 ndiyo nakula nayo na kulala nayo. Mwezi wa 11 mwaka jana mzigo niliotakiwa kupakia karibu na Hazleton, Pennsylvania, ulichelewa. Nikaambiwa nisubiri mpaka kesho yake. Kulala kutwa nzima kwenye kabini siwezi, kwa hiyo nikaliacha lori kwenye maegesho, nikakodi kigari, nikaenda Centralia. Jina hilo nilikuwa nalisikia kwa madereva wenzangu kila siku: mji unaungua chini kwa chini tangu 1962, moshi unatoka barabarani, mara mizimu, mara nini.

Ukitoka Ashland unapanda mlima, barabara ya 61 inakupeleka pembeni kwa sababu kipande chake cha zamani kilifungwa, halafu simu ikaniambia nimefika. Nimefika wapi sasa? Pori tu. Nikasimama kwenye makutano ya barabara ya 61 na ya 42, nikashuka.

Ndipo nikaanza kuelewa. Hili pori lina mitaa. Lami ipo, imepasuka na majani yamejitokeza katikati, lakini inakata kona kwa pembe mraba kama mtaa wowote. Kingo za zege za barabara zipo. Kila baada ya hatua kadhaa ukingo umeshushwa kidogo, ule mteremko wa kuingizia gari uani. Unaingia uani kwa nani? Ukiufuata unakuta miti myembamba na miiba. Mahali pamoja nilikuta ngazi tatu za zege, safi kabisa, na pembeni kibomba cha chuma cha kushikia mtu mzima akipanda. Nikazipanda. Juu ya ngazi ya tatu kuna nyasi.

Nilisimama pale juu kama mjinga dakika mbili hivi. Hapo palikuwa barazani kwa mtu.

Nawaambia mapema ili msilalamike: sikuona moto. Moshi wenyewe nimeutafuta kwa tochi. Mwenye haraka aishie hapa.

KobeMzee:
Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Tupatupa:
Bila picha hii ni chai.

MlaLami:
Picha ninazo, zitakuja. Mnipe nafasi, naandika kwa simu.

Kwanza historia kidogo, fupi. Ule ni ukanda wa antrasiti, makaa ya mawe magumu kuliko yote, yanang'aa kama kioo cheusi na ukiyashika hayakuchafui sana. Mji ulisajiliwa rasmi 1866. Aliyeupima viwanja, mhandisi wa migodi aitwaye Alexander Rae, aliuawa njiani miaka miwili tu baadaye, 1868, na watu watatu wakaja kunyongwa kwa kesi hiyo 1878. Kwa hiyo damu ilianza mapema. Watu walifika 2,761 mwaka 1890, wengi Waairishi, baadaye wakaja Waukraine na wengine wa Ulaya Mashariki. Makanisa, baa, shule, treni, kila kitu. Migodi mikubwa ikaanza kufungwa baada ya mdororo wa 1929, na watu wenye njaa wakawa wanashuka kwenye mashimo yaliyoachwa kuchimba kwa kuibia, wakila mpaka zile nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari. Mashimo yakaporomoka hovyo. Kumbukeni hilo, litakuja kuuma baadaye.

Sasa 1962. Mji una dampo lake kwenye shimo la zamani la machimbo ya wazi, jirani na makaburi ya Odd Fellows, chama cha watu kusaidiana. Sikukuu ya mwezi wa 5 ya kuwakumbuka wanajeshi inakaribia, watu watakuja kusafisha makaburi, dampo linanuka. Halmashauri ikawaita wazima moto wa kujitolea wachome taka. Wakachoma, wakamwaga maji, wakaenda nyumbani. Siku mbili baadaye moto ukaonekana tena. Wakauzima. Ukarudi. Baadaye wakagundua kwamba chini ya zile taka, ukutani mwa shimo, kulikuwa na tundu ambalo halikuzibwa, na tundu lile linaingia moja kwa moja kwenye mahandaki ya zamani.

Wapo wanaosema moto ulikuwepo chini hata kabla ya hapo. Lakini hii ya dampo ndiyo wengi wanaikubali, nami nikiangalia lile eneo naona inaingia akilini.

Nyakato_wa_Ziwa:
Swali la kijinga naomba. Marekani wana pesa za kwenda mwezini. Kwa nini wasimwage maji ikaisha?

MlaLami:
Si la kijinga dada, ndilo swali langu la kwanza pia. Lile eneo ni milima, na migodi ya zamani ilichimbiwa mifereji ya chini ya kutolea maji ili wachimbaji wasizame. Ukimwaga maji yanatafuta njia yake yanaondoka, moto unabaki pembeni unakucheka. Na hata ukiuzima sehemu moja, miamba imeshashika joto, hewa ikirudi makaa yanashika upya.

Walichoamua mwaka huo huo wa 1962 ni kuchimba, waukate moto kabla haujaenda mbali. Zikatengwa dola 27,658. Hiyo namba muishike. Mkandarasi akachimba, lakini hakuruhusiwa kutoboa kwanza kujua moto umefika wapi, walikuwa wanakadiria kwa kuangalia mvuke. Na kazi ilikuwa zamu moja ya masaa manane kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwezi wa 10 pesa zikaisha, kazi ikasimama.

MchomaMkaa:
Ngoja ngoja ngoja. Zamu moja ya masaa manane? Wanafunga kazi jioni wanaenda kulala?

Mimi nimechoma mkaa Handeni miaka sita kabla sijapata akili, nawaambia kitu. Tanuri ukishalifukia na udongo ule moto haufi, unakula polepole kwa kahewa kadogo. Ndivyo tunavyotaka. Adui wako ni ufa. Likipasuka upande mmoja hewa ikaingia, moto unakimbilia kule, unaamka asubuhi unakuta majivu na deni la mtu. Ndiyo maana tanuri huliachi usiku. Unalala pembeni yake kama mgonjwa, kila saa unaamka na koleo kuziba.

Hao wamefukua tanuri, wamelifungulia hewa, halafu wameenda wikiendi?

KobeMzee:
😂😂😂 Mchoma mkaa katoa ripoti ya kihandisi.

MlaLami:
Mkuu MchomaMkaa, nilisoma kurasa nyingi kuhusu huu moto, hakuna aliyenieleza vizuri hivyo. Ndicho kilichotokea. Kila walipochimba walifungua mahandaki, hewa ikaingia, wakifika mahali moto ulipokuwa wanakuta umeshapita.

Mradi wa pili wakasema wajaze mawe yaliyosagwa yakichanganywa na maji, watumbukize kupitia mashimo ya kutoboa, wazibe mbele ya moto. Majira ya baridi hayo. Mabomba yakaganda, mashine ya kusagia ikaganda. Na yale mashimo yaliyoporomoka niliyosema mwanzo, nani ana ramani yake? Unajaza hapa, pembeni kuna njia nyingine usiyoijua. Mwezi wa 3 mwaka 1963 pesa zikaisha tena.

Na hadithi ikaenda hivyo hivyo karibu miaka ishirini. Kila mara mradi ni mdogo kuliko moto, kila mara kuna kipande kilichobaki wakasema bajeti ijayo. Mwaka 1983 ukafanyika uchunguzi mkubwa wa serikali, wakauliza kufukua moto wote itagharimu kiasi gani. Dola milioni 663. Mmeishika ile 27,658?

Tupatupa:
Nimeishika. Imeniunguza.

BintiTukuyu:
Huyu MlaLami anajua kusimulia jamani. Na watu waliishije miaka yote hiyo hapo juu?

MlaLami:
Hapo ndipo utashangaa dada. Miaka mingi waliishi kawaida kabisa. Wapo waliokuwa wanafurahi, bustani haishiki theluji, nyanya zinastawi. Vyumba vya chini ya nyumba vina joto la bure.

Tatizo ni gesi. Kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu kwetu wanaolala na jiko la mkaa ndani, haina harufu wala rangi. Ilikuwa inapanda kwenye nyufa mpaka vyumba vya chini. Baadaye majumbani wakafungiwa vifaa vya kupima hewa. Fikiria unalala na king'ora ukutani ambacho kinaweza kukuamsha saa nane usiku, utoe watoto nje kwenye baridi ile.

Mwaka 1979 mwenye kituo cha mafuta, ambaye pia alikuwa meya, aliona tenki lake la chini ya ardhi lina joto. Akashusha kipimajoto: karibu nyuzi 78 za Selsiasi. Petroli! Halafu tarehe 14 Februari 1981, mtoto wa miaka 12 yuko uani kwa bibi yake, ardhi ikamfunguka chini ya miguu. Shimo upana wake mita moja na kidogo, kina kama mita 45, mvuke wa moto unatoka. Alishika mizizi ya mti, binamu yake, kijana mdogo naye, akamvuta. Siku hiyo hiyo wakubwa wa serikali walikuwa mjini kukagua. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema ni maneno ya wanakijiji.

Kufikia hapo mji ulikuwa bado na watu zaidi ya 1,000. Bunge la Marekani likatenga dola milioni 42, si za kuzima moto, za kununua nyumba na kuhamisha watu. Wengi wakachukua, wakahamia Ashland na Mount Carmel, dakika chache tu kwa gari. Kila nyumba iliyouzwa ilibomolewa. Zile za kuungana ukuta kwa ukuta, ukibomoa ya jirani yako yako inaanza kuegemea, basi wakazijengea nguzo za matofali ubavuni. Kuna picha za miaka hiyo: nyumba moja nyembamba imesimama peke yake uwanjani, ina nguzo kila upande kama mzee mwenye magongo.

Njoroge_wa_Garage:
Sasa boss, wale walikataa kutoka, sheria ilisemaje? Na saa hii wamebaki wangapi?

MlaLami:
Mwaka 1992 gavana alitwaa mali zote kisheria, nyumba zikawa za jimbo. Wachache wakaendelea kukaa ndani ya nyumba ambazo kwenye karatasi si zao. Mwaka 2002 posta ikafuta hata namba ya mji, 17927. Wakaenda mahakamani, na 2013 wakaafikiana: waliobaki wakae mpaka wafe, wakifa nyumba inarudi serikalini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5.

Kwa nini walikataa? Wengi waliamini moto ni kisingizio. Haki ya makaa yaliyo chini ya mji ilikuwa ya mji wenyewe, na mji ukifa haki inahamia jimboni. Wakasema wanatutoa ili waje kuchimba. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuchimba, lakini mtu ukishamwambia uongo miaka ishirini, siku unayomwambia ukweli atakuamini vipi?

Mzaramo_Halisi:
Hapo kwenye fidia umenigusa mkuu. Babu yangu alihamishwa kupisha mradi, sitaji mradi wala wilaya. Alilipwa. Kwenye karatasi kila kitu kilihesabiwa: minazi, nyumba, choo. Kisichohesabiwa ni kwamba jioni alikuwa anakaa chini ya mwembe na wenzake wanne. Kila mmoja akaenda kivyake. Pesa zilikuwepo, mzee akawa haongei.

BintiTukuyu:
😔 Pole sana ndugu yangu.

Mimi niongeze kidogo kwa makaa yetu. Kwetu kuna Kiwira, mgodi wa kushuka chini, uliojengwa kwa msaada wa China ukazinduliwa 1988. Makaa yake si hayo magumu, yale ya Kiwira ukiyagusa mikono yote nyeusi. Nilikuwa nayaona kwa mjomba, kipande kiko juu ya kabati kama pambo. Sikuwahi kufikiri linaweza kula mji.

MlaLami:
Mzaramo, pole. Nami ngoja niwaambie niliyekutana naye, maana ndiyo sababu hasa ya huu uzi.

Nilipanda kule juu kwenye makaburi ya Odd Fellows, karibu na lilipokuwa dampo. Nyasi zimekatwa, wakuu. Mji mzima ni kichaka, lakini makaburi yamefyekwa, bendera ndogo ziko kwenye makaburi ya wanajeshi, maua mabichi. Pale pembeni, kwenye jiwe lililopasuka, ndipo nilipoona huo moshi wenyewe: kamvuke kembamba, kama mtu anapumua asubuhi ya baridi. Nikainama nikaweka kiganja. Kuna joto. Joto la pumzi, si zaidi. Kuzunguka ule ufa kulikuwa na kuvu na majani mabichi kabisa, na hatua mbili pembeni ardhi ina sakitu nyeupe. Kuna mabango ya serikali yanaonya kwamba ardhi inaweza kudidimia na gesi inaweza kuua, kwa hiyo sikukaa. Tafadhali msije mkafanya kama mimi.

Nikageuka nikamkuta mzee, umri wa babu zetu, ana ndoo na brashi anasugua jiwe la kaburi. Nikamsalimia. Nikauliza kama anakaa hapa. Akasema yeye anakaa Mount Carmel, anayekaa hapa ni mama yake, akalipigapiga lile jiwe. Baba yake alikuwa mchimbaji, mapafu yalimwisha kwa vumbi.

Akaacha brashi, akaanza kunionyesha kwa kidole. Pale shule. Pale baa ya fulani. Pale ndipo alipoanguka na baiskeli akapoteza jino. Nikifuata kidole naona miti. Lakini anaelekeza bila kusita, kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba yake. Nikamuuliza kama anachukia moto. Akanishangaa. Moto hakuwa na neno nao. Alikuwa na neno na watu waliokuwa wanakuja na makabrasha kupima, wanaondoka, wanakuja wengine kupima tena.

Nyakato_wa_Ziwa:
Nimesoma hapo nikasimama kidogo.

Tupatupa:
Mkuu nafuta kauli ya chai. Lakini picha bado nadai. Na ile barabara yenye michoro?

MlaLami:
Haipo! Na mimi nilikuwa naitaka hiyo. Ni kile kipande cha 61 kilichofungwa miaka ya 1990, lami ilipinda na kupasuka, watu wakaijaza michoro ya rangi mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu walikuwa wanajazana mno, mwenye ardhi akaleta malori akaifukia yote kwa udongo. Leo ni matuta tu na miche inaota. Nimeona kipande kidogo cha rangi ya waridi kimechungulia kwenye udongo, basi.

Kilichobaki kimesimama: nyumba chache mno (zina wenyewe, msipige picha madirishani kwa watu), jengo la halmashauri na gari la zima moto, makaburi, na kanisa. Kanisa la Wakatoliki wa Ukraine, jeupe, kuba za buluu, liko mlimani upande wa kaskazini. Limejengwa 1911. Waliopima walikuta chini yake kuna mwamba, si makaa, basi halikubomolewa. Jumapili watu wanatoka miji ya jirani wanakuja kusali. Kanisa la Waairishi, St. Ignatius, lilibomolewa 1997.

Kuna kitu kimoja tena. Mwaka 1966, mji ulipotimiza miaka 100, walifukia sanduku la kumbukumbu lifunguliwe 2016. Likafunguliwa mapema, 2014. Maji yalikuwa yameingia, karibu kila kitu kimeoza. Mji ulikuwa na moto wa miaka hamsini na ushee chini yake, halafu sanduku lao limeharibiwa na maji.

Njoroge_wa_Garage:
Hiyo ni kali.

MchomaMkaa:
Swali la kitaalamu mkuu. Hiyo antrasiti inashika moto haraka? Maana moto wa kudumu hivyo nilitegemea makaa yenyewe ni kama petroli.

MlaLami:
Ha! Ashland kuna mgodi wa zamani, Pioneer Tunnel, wanaingiza wageni kwa kitreni. Nilipotoka nikanunua kipande, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nimekiweka jikoni. Juzi nikasema nikijaribu nje kwenye jiko la kuchomea nyama. Nimetumia karatasi, nikatumia vijiti, nikamaliza kiberiti kizima. Nusu saa. Kimeniangalia tu, hakijashika hata pembe.

MchomaMkaa:
Kitengee hela kidogo za kukizima, kitawaka.

KobeMzee:
🤣🤣🤣 Uzi ufungwe.

Tupatupa:
Usifungwe. PICHA.